Watu Mia Mbili na Kumi na Wanne

Zamu ya kuwalisha watu wa basi ilifika nyumbani kwa Kalinda siku ya Alhamisi, siku ambayo unga wa mtama ulikuwa umebaki kidogo. Akaukanda wote. Basi la serikali lilikuwa likiingia kijijini Jambulkhori saa moja jioni, likilala mbele ya shule ya msingi, na kuondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Nandgiri. Dereva na kondakta walilala kwenye baraza ya hekalu, na kila jioni nyumba moja iliwapa chakula. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Ndivyo kijiji kilivyolipata basi, na ndivyo kilivyolishikilia kwa miaka kumi na tisa.

Basi hilo ndilo lililompeleka shule binti yake, Sarika. Msichana alikuwa darasa la kumi, mwaka wa mtihani wa bodi, ule wa serikali, yeye na wenzake watatu. Sekondari ilikuwa Nandgiri, kilomita kumi na moja, na tano kati ya hizo zilikuwa kona za mlimani ambako hapakuwa na nyumba hata moja. Mtihani ungeanza Machi. Sasa ilikuwa Septemba.

Dereva, mzee Pandhari, walimjua tangu ana nywele nyeusi. Kondakta alikuwa mpya, kijana mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata jioni ile.

"Unaitwa nani, mwanangu?" aliuliza Kondabai, mama mkwe wa Kalinda, akiwa amekaa kwenye kitanda chake cha kamba barazani.

"Siddharth, bibi."

"Siddharth nani?"

Kijana akatabasamu kidogo, kama mtu anayeulizwa swali lile lile kwa mara ya mia. "Waghmare."

Jina la ukoo lilikuwa limeshamwambia Kondabai tabaka lake, na tabaka likamwambia mengine yote. Ndani, Kalinda alikuwa ameshatandika mkeka na kuweka sahani mbili za chuma. Mama mkwe akamtazama, kisha akatazama juu, kwenye ubao uliokuwa chini ya paa. Palikuwa na sahani ya bati iliyobanduka rangi na kikombe kilichovunjika mkono. Vyombo hivyo havikuwa vya mtu yeyote wa nyumba ile. Viliwekwa kwa ajili ya wale ambao wazee hawakutaka kula nao chombo kimoja.

"Mama, huyu ni mfanyakazi wa serikali," Kalinda alinong'ona.

"Serikali imlishe."

Kalinda akavishusha, akavipangusa vumbi kwa upindo wa sari. Mzee Pandhari akala ndani. Kondakta akala nje, kwenye ngazi, mikate miwili ya mtama na mchuzi mzito wa unga wa dengu. Alipoomba maji zaidi, Kalinda akayamimina kutoka juu, kijana akayakinga kwa viganja, na mengine yakammwagikia suruali ya kazi. Alipomaliza aliosha sahani mwenyewe bila kuambiwa, akaifudikiza ikauke. "Asante, mama. Chakula kizuri," akasema, akaondoka.

Sarika alikuwa mlangoni, kitabu cha hesabu mkononi.

"Mama, umemmwagia."

"Soma," Kalinda akasema.

Jumatatu iliyofuata basi halikuja. Jumanne halikuja. Jumatano mwenyekiti wa kijiji akampigia simu mzee Pandhari, na mzee Pandhari akasema wamehamishiwa njia nyingine, hakuna zaidi analojua, na awasalimie watu wote.

Kwenye pampu ya maji wanawake walikuwa na jibu lao tayari.

"Kondabai amekula basi zima," alisema Tarabai, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Na magurudumu yake. Na hata maji hakushushia."

Kondabai, aliyekuja kuchota ndoo yake moja kila asubuhi ili asiambiwe amezeeka, alisimama wima. "Mimi? Na wewe zamu yako ya Jumanne ulimpa nini? Ulimwekea chakula kwenye jani, kama mbuzi!"

"Jani ni safi!"

"Basi mwekee mumeo."

Walicheka, maana mume wa Tarabai alikuwa hatazamwi hata na mbuzi. Lakini hakuna aliyeuliza nyumba ya tatu ilifanya nini, wala ya nne. Kila mmoja alijua ubao wake ulipo.

Wasichana wakaanza kwenda kwa miguu. Walitoka saa kumi na moja alfajiri, wakafika somo la tatu limeshaanza, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Mwalimu mkuu aliwapokea wiki ya kwanza. Wiki ya pili akawaambia kwamba asiyefikisha siku za mahudhurio hatapewa karatasi ya kuingilia mtihani, na kwamba yeye hana ubaya na mtu, huo ni utaratibu. Wawili waliacha. Wa tatu akaumwa, au alisema anaumwa. Sarika akaenda na mdogo wa huyo wa tatu, mtoto wa miaka kumi na miwili, ili tu wawe wawili.

Kwenye kona ya tatu ya mlima kulikuwa na machimbo ya mawe, na vijana wa machimbo walikuwa na pikipiki. Siku ya kwanza walipiga honi. Siku ya pili walipunguza mwendo. Siku ya nne mmoja alinyoosha mkono akavuta mtandio wa Sarika, akaondoka nao, kisha akarudi akautupa barabarani. Sarika hakusema nyumbani. Alisema yule mdogo.

Gorakh, baba yake, alisikiliza mpaka mwisho akiwa anavua viatu.

"Haendi tena," akasema.

"Baba Sarika..."

"Nimesema. Au unataka nikaketi pale machimboni na fimbo, kila siku, nani atalima?"

Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi kumpinga. Gari la kukodi lilitaka rupia mia nne kwa siku, na Gorakh, siku akipata kibarua, alilipwa mia tatu. Dada yake Kalinda aliishi Nandgiri, chumba kimoja, watoto wanne na mume mlevi. Waliyataja yote hayo jioni ile kwa zamu, na kila jambo walilotaja lilikufa papo hapo.

Sarika hakulia. Alichukua daftari tupu, akatoka. Alizunguka nyumba kwa nyumba kwa siku tatu na kalamu, akiandika majina. Watu walimtania, wakamuuliza kama ameajiriwa na serikali, mzee mmoja akamtajia hata ng'ombe wake. Jioni ya tatu alimpa mama yake daftari. Watu mia tano sitini na watatu, kila mmoja na umri wake.

"Mwenyekiti alisema depo wanataka kijiji cha watu mia tano," akasema. "Wapelekee, mama. Mwenyekiti haendi. Anasema ana mgongo."

Kalinda alifika depo ya mabasi ya Nandgiri saa nne asubuhi, kwa miguu. Walimkalisha kwenye benchi hadi saa saba. Feni ilikuwa inazungukia upande wa meneja tu. Karani alimpita mara sita, na mara ya sita akamwambia anyanyue miguu, anataka kufagia.

"Umetoka wapi, mama?" meneja akauliza hatimaye.

"Jambulkhori, bwana mkubwa."

"Umekuja na nini?"

"Na miguu."

Karani akacheka. Meneja alifungua faili, akalipitia kwa kidole. "Jambulkhori. Idadi ya watu, mia mbili na kumi na wanne. Basi la kulala ni la vijiji vya watu mia tano na kuendelea. Nyinyi mlikuwa mkipewa kwa hisani."

"Tuko mia tano sitini na watatu." Kalinda akaweka daftari mezani. "Majina yote yamo. Nyumba kwa nyumba."

"Nani kaandika?"

"Binti yangu."

"Ana cheo gani?"

"Darasa la kumi."

Meneja hakulifungua daftari. Hakulisukuma pia. Aliliacha pale, kati ya chai na simu. "Mama, mimi naenda na sensa."

"Sensa ilikuja Februari, bwana mkubwa. Februari sisi tuko kwenye miwa. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili, kijijini wanabaki wazee na mbwa. Nyie mmehesabu wazee."

"Huko kwenye miwa hawakuwahesabu?"

"Huko tulikuwa kwenye vibanda vya nyasi, katikati ya shamba. Waliokuja walisema sisi si wa kwao."

"Basi waliobaki nyumbani wangewataja."

Kalinda akakumbuka alichosimuliwa na mama mkwe wake mwenyewe, tena kwa majigambo. Karani wa sensa alisimama mlangoni, akauliza mnakaa wangapi, na Kondabai, akidhani ni watu wa benki wanaomtafuta Gorakh, akajibu yuko peke yake, hana mwana wala mjukuu. Nyumba nyingi zilijibu hivyohivyo. Walidhani wameshinda.

"Tangu sensa hiyo idadi ni hiyohiyo na basi lilikuja," akasema. "Kwa nini sasa?"

Meneja akavua miwani. Alikuwa mtu aliyechoka, si mbaya. "Kwa sababu zamani nilikuwa na watu wa kulipeleka. Makondakta wanne wameomba kutolewa kwenye njia yenu ndani ya miaka mitatu. Wanne. Hakuna hata mmoja aliyeandika sababu. Wewe unaijua?"

"Siijui," akasema Kalinda.

"Na mimi siijui." Akafunga faili. "Kwa hiyo kwenye karatasi nimeandika idadi ya watu."

Kalinda alimkuta kondakta Waghmare stendi, chini ya kibanda cha chai, akipanga tiketi kwenye mkoba wake. Kijana alimtambua kabla hajamfikia. Akasimama, kama vijana waliolelewa vizuri wanavyosimama.

"Mama wa Jambulkhori. Kwema?"

"Si kwema." Kalinda hakujua mtu anaanzaje. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa yote yalimtoka. "Nimekuja kukuomba radhi. Mama mkwe wangu ni mtu wa zamani. Uje nyumbani. Nitakupikia kuku. Utakaa ndani, kwenye mkeka, sahani ya chuma."

Waghmare akaagiza chai mbili. Mwenye kibanda akazileta kwenye glasi ndogo zilizosuuzwa kwenye ndoo moja ya maji machafu, ambamo kila glasi ya stendi ilisuuzwa, ya mtu yeyote. Kalinda akanywa. Alikuwa akinywa chai hapo tangu aolewe.

"Hapa unakunywa," akasema kijana, bila hasira, kama anayesoma kibao.

Kalinda akaiweka glasi chini.

"Kunywa, mama, sikukusudia kukukatia chai. Sikuandika malalamiko yoyote, nataka ujue. Niliomba njia nyingine tu. Nina mtoto mdogo, sitaki kurudi nyumbani kila siku nikiwa na hasira, nimpige bure. Nyumba kumi na moja nilikula kule kwenu. Unajua ni ngapi zilinipa sahani kama ya mzee Pandhari?"

"Ngapi?"

"Hata moja. Na mama mkwe wako alikaa tu. Maji ulimimina wewe."

"Aliniamuru."

"Najua. Kila nyumba niliyokula kulikuwa na anayeamuru na anayemimina. Mimi namkumbuka anayemimina, maana ndiye niliyekuwa namtazama."

Kalinda alifunika mdomo kwa upindo wa sari. Si aibu peke yake. Alikuwa pia na hasira, na hakujua ya nani. "Mwanangu yuko darasa la kumi. Amebakiza miezi sita. Yeye hakukufanyia kitu."

"Nakumbuka. Alikuwa mlangoni na kitabu." Waghmare alitazama glasi yake. "Angekuwa wangu ningefanya kama unavyofanya. Mama, hata nikirudi leo, nikala kwenu kila siku kwenye sahani ya dhahabu, basi si langu. Limeshapewa kijiji cha Tembhari. Jumatatu walilipokea kwa nazi na maua. Walilivisha shada mbele kama bwana harusi. Ukiwanyang'anya wao, nao wana wasichana."

Kalinda akataka kulipa chai. Kijana alimruhusu. Ilikuwa rupia ishirini, na alizihesabu taratibu, akitumaini kwamba kijana angesema jambo jingine. Waghmare akapiga filimbi, akapanda basi lake.

Kalinda alirudi nyumbani jua limezama, na akakuta viatu vya wageni mlangoni.

Mjomba wa Gorakh alikuwa amekuja na habari ya mchumba. Kijana aliitwa Baliram, miaka ishirini na miwili, hanywi, ana simu nzuri. Alikata miwa kiwanda kilekile cha sukari walichokwenda Gorakh na Kalinda. Tatizo lake lilikuwa moja. Mnyapara haandiki mtu mmoja mmoja, huandika panga. Panga moja ni mume na mke: mume akate, mke amenye majani, afunge mizigo, abebe kichwani mpaka kwenye lori. Asiye na mke ni nusu panga, na nusu panga hakuna anayeitaka. Kwa hiyo Septemba, kabla malori hayajafika, wachumba hutafutwa mlimani kama ng'ombe wa kulimia.

"Hawataki mahari kutoka kwenu, upande wa binti, wala vyombo," mjomba alisema. "Wanataka harusi kabla ya sikukuu ya Dasara. Na huyu shule ndiyo imeisha, au nimesikia vibaya?"

"Shule haijaisha," akasema Kalinda, akiwa bado amesimama, vumbi la njia miguuni.

"Depo wamesemaje?" Gorakh akauliza.

"Wamesema hatupo."

"Hatupo vipi?"

"Tuko mia mbili na kumi na wanne. Sisi wawili hatumo. Sarika hamo. Mama yako alituhesabu akajipata peke yake."

Kondabai aliinuka kitandani. "Sasa ndiyo mimi? Kila kitu mimi! Mvua isiponyesha, mimi! Ningemwambia mtu wa serikali mwanangu yuko hapa, aje amkamate na deni?"

"Alikuwa anahesabu watu, mama. Watu tu."

"Na nani aliwahi kutuhesabu kwa heri?"

Kalinda alijua kwamba hapo mama mkwe alikuwa na haki.

Mjomba alikunywa chai yake, akaomba sukari zaidi, akasema jibu analitaka Jumapili. Alipoondoka, Gorakh alijiegemeza ukutani. "Ni kijana mzuri," akasema. "Nimekata naye mstari mmoja mwaka jana. Hapigi watu."

"Hapigi watu," Kalinda akarudia. "Ndiyo sifa hiyo."

"Unataka nini, mama Sarika? Niambie unachotaka nikifanye. Tumwache hapa na bibi miezi sita, kijiji kitupu, na wale wa pikipiki wameshaijua sura yake? Wewe ubaki? Arbuni ya mnyapara, fedha ya kabla ya kazi, tumeshachukua ya panga zima, na imeshaingia kwenye jicho la mama hospitali. Nikienda peke yangu anakuja kuchukua ng'ombe."

Ilikuwa kweli yote. Kalinda mwenyewe aliolewa akiwa na miaka kumi na minne, Septemba, kwa sababu hiyohiyo, na msimu wa kwanza alibeba miwa akiwa hajui kufunga sari vizuri. Alimpenda Gorakh baadaye, alipopata nafasi. Hakutaka binti yake apate nafasi ya namna hiyo.

Sarika alikuwa jikoni, anasikia kila kitu; nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Kalinda akaingia, akachuchumaa karibu naye kwenye jiko la kuni.

"Daftari wamelichukua?" msichana akauliza.

"Limebaki mezani kwake."

"Alisoma?"

"Alikuwa na kazi nyingi."

Sarika akageuza mkate wa mtama, akaubonyeza kwa kitambaa ukafura. "Kwa hiyo naolewa."

"Huolewi."

"Kwa hiyo nabaki?"

Kalinda alitazama moto. Alikuwa mama asiyependa kuzungusha maneno, na usiku ule alitamani angekuwa anajua kuyazungusha. "Unakuja na sisi kwenye miwa. Utakaa kibandani, utapika. Utachukua vitabu vyako."

"Na mtihani?"

"Mwakani."

"Mwakani basi litakuwepo?"

"Angalia mkate, unaungua."

Mkate haukuwa ukiungua. Wote wawili waliutazama.

Jumapili Kalinda alimkatalia mjomba mbele ya watu, na mjomba akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Tarabai kwamba mwanamke huyu anaringa, ana binti wa kifalme, tutaona atamwoza kwa nani. Kondabai hakumsemesha mkwewe siku nane. Lakini siku ya tisa alimwita Sarika, akampa sweta lake la sufu la buluu, lililoliwa na nondo begani. "Kule usiku kuna baridi," akasema. "Nilihesabiwa mara nyingi na baridi ile. Haikosei."

Siku tatu baada ya Dasara lori lilifika saa tisa mchana. Familia thelathini na moja zilisubiri mbele ya shule, pale ambapo basi lilikuwa likilala, na sufuria, magunia ya mtama, mbuzi, kuku kwenye matenga, watoto waliofungwa mgongoni. Uttam mnyapara alikaa kwenye kiti alicholetewa na mwenyekiti, daftari kubwa mapajani, kidau cha wino wa vidole kwenye goti.

"Gorakh. Mapanga mangapi?"

"Moja."

Uttam alinyanyua kichwa, akamtazama Sarika kuanzia kichwani hadi miguuni, kama anayepima uzito wa mzigo. "Na huyu?"

"Anakuja kupika tu," Kalinda akasema haraka. "Ana vitabu vyake."

"Wa kupika tu hapandi lori langu, shemeji. Kila kichwa kina nafasi yake na kila nafasi ina kazi yake. Atafunga miwa. Namwandika nusu." Aliinua kalamu, akasubiri. "Au abaki. Mimi silazimishi mtu."

Nyuma yao foleni ilikuwa inasukuma. Mtu alipiga kelele kwamba jua linakwenda. Gorakh alimtazama mkewe, akatazama pembeni. Kalinda alitazama nyumba yao, Kondabai mlangoni akiwa amejishika nguzo, kijiji chote nyuma yake kikifungwa makufuli mlango mmoja baada ya mwingine.

"Andika," akasema.

Gorakh akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Kalinda akabonyeza lake. Uttam akamsogezea Sarika kidau.

"Naandika mwenyewe," Sarika akasema.

Mnyapara akampa kalamu huku akimchunguza. Msichana akainama, akaandika jina lake lote, la baba na la ukoo, taratibu, kwa mwandiko wa kunyooka ambao mwalimu aliwafundisha kwa ajili ya fomu ya mtihani.

Uttam akaliinua daftari, akamwonyesha dereva wa lori. "Tazama hapa! Mapanga mazima yote ni ya dole gumba, halafu nina nusu iliyosoma!"

Wanaume waliokuwa wameshapanda lori walicheka. Tarabai, na gunia lake kichwani, alicheka. Sarika hakucheka, alirudisha kalamu, akamtazama mama yake.

Kalinda naye akacheka, kwa sauti, zaidi ya wote. Uttam ndiye aliyekuwa akigawa nafasi, na mbele, nyuma tu ya kichwa cha lori, vumbi si kali. Alitaka binti yake akae hapo.

"Haya, nusu, panda mbele," akasema mnyapara, akapangusa machozi ya kicheko.